Ubao wa Kazi Katika Ofisi ya Ushirika
Hotuba ya Katibu katika Mkutano Mkuu wa kutimiza miaka kumi ya Chama Kikuu



Tumepewa heshima ya kusema machache katika sikukuu hii ya Chama Kikuu chetu kutimiza umri wa miaka kumi. Waliotutangulia wamesimulia habari za ghala, za magari na za bei ya kahawa, nao wamesimulia vema. Sisi twaomba ruhusa tueleze habari ya kitu kidogo kisicho na uzito wa gunia, nacho ni ubao wa kazi tuutumiao katika kompyuta na simu za ofisi. Huenda mtu akajiuliza, “Ubao wa makarani wanihusu nini mimi mkulima?” Wakuhusu sana; na kabla hatujaueleza yatupasa kukiri kosa lililotufanya tuutafute.

Msimu mmoja, kabla ya kuwa na ubao huu, wakulima walikuwa wamekwisha kukausha kahawa yao ya maganda, lakini magunia hayakuwako. Tulipoketi kuulizana, tuliona ajabu. Mtunza ghala alikuwa amempa karani wa manunuzi habari kwa mdomo. Karani alidhani mhasibu hajakubali kutoa fedha. Mhasibu alikuwa amekubali zamani, na karatasi yake imelala juu ya meza yetu sisi wenyewe, ofisi ya Katibu, ikingoja sahihi. Hapana aliyeiba, wala hapana aliyesinzia kazini. Kila mmoja alikuwa na shughuli tele, na kila mmoja aliamini ya kuwa kazi ile imo mikononi mwa mwenzake. Lakini mkulima aliyekuwa akingojea fedha za karo ya mtoto hakufarijika kwa kuambiwa ya kuwa hapana aliyesinzia. Yeye alihesabu siku zinavyopita. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi tulijifunza ya kuwa kazi nayo, ikikosa daftari, hupotea vivyo hivyo.

Njia tuliyoifuata huitwa kanbani, neno la Kijapani lenye maana ya kibao au ubao wa tangazo. Ilizaliwa katika viwanda vya magari vya Toyota. Baada ya Vita Kuu ya Pili kampuni ile haikuwa na fedha za kulaza vyuma vingi ghalani. Mhandisi wake, Taiichi Ohno, alivutiwa na habari za maduka ya Marekani ambako mteja hujichukulia mwenyewe akitakacho, na mwenye duka hujaza pale tu palipopungua. Katika miaka ya 1950 akaitia kanuni hiyo katika karakana. Vipuri viliwekewa kadi. Vikitumika, kadi ilirudi nyuma kuomba vingine, na pasipo kadi hapakuwa na ruhusa ya kutengeneza zaidi. Baada ya mwaka 2000, watu wa programu za kompyuta, miongoni mwao David Anderson, waliihamishia kanuni hiyo katika kazi za maofisini. Mwaka 2011 ikatokea programu iitwayo Trello, nayo huweka ubao wa namna hiyo katika mtandao, hata watu walio mbalimbali wauone kwa wakati mmoja. Ziko na nyingine nyingi za jinsi hiyo, na baadhi hazidai malipo kwa kundi dogo.

Ubao wetu una safu nne. Ya kwanza ni ya kazi Zinazongoja. Ya pili, Zinazofanywa. Ya tatu, Zilizokwama. Na ya nne, Zilizokwisha. Kila kazi ina kadi yake. Juu ya kadi huandikwa jina la kazi, siku ya kuikamilisha, na jina la mtu mmoja anayeitunza. Twasema mmoja, wala si wawili, maana kazi iliyokabidhiwa wawili ndiyo ile iliyotukosesha magunia. Chukueni mfano wa malipo ya pili kwa chama cha msingi. Kadi hufunguliwa hesabu za mnada zifikapo. Ndani yake kuna orodha: kulinganisha uzito na stakabadhi za ghala, kutoa makato yaliyokubaliwa, kupata idhini, kupeleka hati benki. Kila hatua imalizikapo hutiwa alama, na mtunza kadi huisogeza. Hivyo mtu aliye safarini huweza kuona kazi imefika wapi bila kumpigia simu mtu yeyote.

Lakini kuandika kadi si kitu kigumu. Hata ubao wa chaki waweza kuandikwa. Lililo gumu, na lenye faida kuliko yote, ni kuweka mpaka. Tulikubaliana kwamba mtu asiwe na kadi zaidi ya tatu katika safu ya Zinazofanywa. Akitaka ya nne, sharti kwanza amalize moja. Wengine walinung'unika, wakidhani mpaka huo ni uvivu uliovikwa kanzu. Hesabu yasema vingine. Mwaka 1961 mtaalamu wa Marekani, John Little, alithibitisha kanuni iliyo nyepesi kueleweka. Ofisi yenye kazi 12 mkononi, ikiwa humaliza kazi 3 kila juma, basi kila kazi itakaa kwa wastani majuma 4. Kazi za mkononi zikipunguzwa ziwe 6, na mwendo ukawa ule ule, kila moja itakaa majuma 2. Mshika mbili moja humponyoka. Basi mshika kumi na mbili atabaki na nini?

Sasa twataka kusema jambo ambalo si jepesi kwetu. Ubao ulipoanza, tulitazamia utuonyeshe makarani wazembe. Majuma machache hayakupita tukaona safu ya Zilizokwama imejaa, na tulipozifungua kadi hizo moja moja, nyingi zilikuwa na maneno yale yale: “Yangoja sahihi ya Katibu.” Basi lango lililofungwa lilikuwa letu wenyewe. Tuliona haya, lakini haya hiyo ilikuwa na manufaa. Tangu hapo tumetenga saa moja kila asubuhi kwa ajili ya sahihi tu, kabla ya wageni na kabla ya simu. Aidha tuliiomba Bodi iruhusu matumizi madogo yaidhinishwe na mhasibu, naye atoe taarifa mwisho wa juma. Ubao haukuongeza mtu hata mmoja katika ofisi. Ulituonyesha tu mahali pa kusukuma.

Kwa sababu hiyo twawasihi viongozi wenzetu wasiugeuze ubao kuwa kiboko. Kadi ikikwama, swali la kwanza liwe “Imezuiwa na nini?” wala si “Ni nani huyu?” Karani akiogopa, ataisogeza kadi kabla kazi haijakwisha, na siku hiyo ubao utakuwa picha nzuri ya uongo. Programu haijui kama gunia limeletwa kweli. Yajua tu ya kwamba kidole kimeisogeza kadi.

Tena kuna mambo ya kuangalia. Umeme hukatika na mtandao hupotea. Kwa hiyo kila Jumatatu twachapa nakala na kuibandika ukutani, ipate kusomwa pia na wazee wasio na simu za kisasa. Namba za akaunti na madeni ya mwanachama haziandikwi katika kadi, maana ubao ni wa wengi na siri ya mtu ni yake. Na kila mtumishi ana neno lake la siri, asimwazime mwenzake.

Ndugu wanachama, ombi letu kwenu ni moja. Hadi leo ubao huu waonwa na watumishi na Bodi tu. Twapendekeza Makatibu wa vyama vya msingi wapewe ruhusa ya kuutazama, pasipo kuubadili, ili mkulima akiuliza habari za malipo yake ajibiwe kwa kadi, si kwa “njoo kesho.” Twajua wako wanaohofu ya kuwa wanachama wataona udhaifu wetu. Wataona, ndiyo. Lakini kahawa ni yao na ofisi ni yao. Na mwenye shamba ana haki ya kujua palipoota magugu.

Katika miaka kumi iliyopita mlituamini kwa stakabadhi. Katika kumi ijayo twataka mtuamini kwa macho yenu wenyewe. Mwenyezi Mungu aubariki ushirika wetu na kazi za mikono yetu.