Kingamwili: Kuzisoma na Kuzitunza katika Maabara za Mara

Mwaka 1994 simba wa Serengeti walianza kuanguka kwa degedege, na takriban theluthi moja yao wakapotea. Chanzo kilikuwa virusi vya distempa, ugonjwa wa mbwa. Macho yakageukia mbwa wa vijiji vya magharibi mwa hifadhi, upande wa Bunda na jirani zake.

Jambo la ajabu lilijulikana baadaye. Seramu za simba zilizokuwa zimehifadhiwa kwa miaka mingi zilipimwa, na ripoti ya mwaka 2008 ikaonyesha kwamba kati ya 1976 na 2006 distempa ilipita kwa simba wa Serengeti na Ngorongoro angalau mara tano zaidi bila dalili kuonekana. Ushahidi ulikuwa kingamwili. Kama seramu zile zingeachwa ziharibike, habari hiyo isingejulikana kamwe.

Kingamwili ni protini yenye umbo la herufi Y, na ncha za mikono yake miwili hunasa sehemu maalumu ya kimelea, yaani antijeni. Aina ya IgM hutangulia; IgG hufuata na kudumu zaidi. Kwa hiyo kingamwili hueleza kwamba mwili uliwahi kukutana na kimelea, si lazima kwamba kimelea kipo leo. Kwenye mwambao wa Musoma tofauti hii ni nzito: aliyetibiwa kichocho anaweza kubaki na kingamwili kwa muda mrefu baada ya minyoo kufa. Anayetaka kujua hali ya sasa atafute mayai kwa hadubini, au antijeni kwenye mkojo. Kipimo cha haraka cha malaria nacho hutafuta antijeni. Kingamwili zimepakwa tayari kwenye kipande chake, ndiyo maana pakiti haifunguliwi mpaka mgonjwa awepo.

Utunzaji ndipo kazi nyingi huharibikia. Seramu itenganishwe na damu mapema, igawanywe katika vichupa vidogo, kisha igandishwe kwa nyuzi -20 au chini zaidi. Kuigandisha na kuiyeyusha mara kwa mara huvunja protini, na umeme unaokatika hufanya hivyo hivyo bila kumwambia mtu. Kingamwili zenye rangi za kung'aa zikingwe na mwanga. Zilizounganishwa na kimeng'enya cha peroksidezi zisiwekewe sodiamu azidi, kwa sababu huzima kimeng'enya hicho.

Mfano ulio karibu zaidi ni kingamwili za vichupa vya kupima kundi la damu: anti-A ya buluu, anti-B ya njano. Makazi yake ni nyuzi 2 hadi 8, lakini mara nyingi hushinda mezani tangu asubuhi. Anti-A iliyodhoofika isiposhikamanisha chembe za damu, damu ya kundi A huandikwa O, na mfuko wa damu hiyo unaweza kumuua mgonjwa wa kundi O. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla ya sampuli ya kwanza, kila kichupa kijaribiwe kwa chembe za kundi linalojulikana, na matokeo yaandikwe daftarini.