Bei ya Mkopo Mdogo: Kijana na Fedha Zake Uchumi Unapoyumba



Tarehe 30 Novemba 2022 serikali ya Kenya ilizindua Hustler Fund, mfuko unaokopesha wananchi kwa simu kuanzia shilingi 500 hadi 50,000 kwa riba ya asilimia 8. Miaka kumi kabla ya hapo, Novemba 2012, huduma ya mikopo ya simu ya M-Shwari ilikuwa imeingia sokoni kwa ada ya asilimia 7.5. Mtu akizitazama haraka, tarakimu hizo mbili zinakaribiana. Lakini asilimia 8 ni ya mwaka mzima, na asilimia 7.5 ni ya siku 30 tu.

Kijana anayekopa shilingi 5,000 kwa ada ya asilimia 7.5 hulipa shilingi 375 juu yake. Si pesa ya kumkosesha mtu usingizi. Lakini akilipa leo na kukopa tena kesho, mwezi baada ya mwezi, mwaka utaisha akiwa ametoa ada ya shilingi 4,500, na zile 5,000 bado anadaiwa. Kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka, gharama ya kiasi hicho ingekuwa shilingi 400.

Hesabu hiyo ndiyo kiini cha mhadhara huu. Uchumi unapoyumba, kazi ya kwanza ya kijana ni kujua bei ya deni lake kwa mwaka, kisha kujitoa katika deni ghali kabla ya kuwaza jambo jingine lolote.

Miaka ya karibuni imelifundisha somo hili kwa ukali. Mgonjwa wa kwanza wa Covid-19 alithibitishwa Kenya Machi 2020, na mwaka huo ajira zaidi ya 700,000 zikapotea. Kabla watu hawajasimama sawasawa, bei zikapanda: mfumuko wa bei ulifikia asilimia 9.6 Oktoba 2022. Shilingi nayo ikashuka hadi dola moja ikauzwa karibu 160 Januari 2024. Wenye mishahara walikatwa zaidi: michango ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, iliongezwa mwaka 2023, ikaja tozo ya nyumba ya asilimia 1.5, na Oktoba 2024 bima mpya ya afya ya asilimia 2.75. Kwa mshahara wa shilingi 50,000, tozo ya nyumba na bima ya afya pekee huchukua shilingi 2,125 kila mwezi. Anayepanga matumizi kwa mshahara ulioandikwa kwenye barua ya ajira, badala ya ule unaoingia benki, ameanza mwezi na pengo.

Pengo hilo ndilo linalozibwa kwa mkopo wa simu. Huduma ya Fuliza, iliyoanza Januari 2019, humruhusu mteja kulipa hata salio likiwa limeisha, humtoza ada kwa kila siku anayodaiwa, kisha hujilipa yenyewe pesa yoyote inapoingia. Ada za siku zilipunguzwa Oktoba 2022, lakini utaratibu ni uleule: kila siku ina bei yake. Inamfaa anayejua kwamba kesho analipwa. Asiyejua atalipwa lini anaingia katika mzunguko wa kukopa hapa ili alipe pale.

Wakati huohuo vijana wengi walivutiwa na hati fungani za serikali. Februari 2024 hati ya miundombinu ilitolewa kwa riba ya asilimia 18.46, bila kodi. Ni faida nono. Hata hivyo, kwa anayedaiwa mkopo ambao ada zake hufika asilimia 90 kwa mwaka, hakuna hati fungani inayoweza kumfidia. Kulipa deni hilo ndiyo faida kubwa kuliko zote zilizopo sokoni, tena haina hatari. Kinyume chake, waliokimbilia kununua dola kwa 160 waliiona ikirudi kwenye 129 kabla mwaka huohuo haujaisha.

Ushauri wa vitabu kwamba mtu agawe mshahara wake wa mwezi kwa mafungu haumfai kila mmoja. Zaidi ya asilimia 80 ya ajira nchini Kenya ziko katika sekta isiyo rasmi. Mwendesha bodaboda anayelipia pikipiki kwa siku, fundi cherehani, msusi, wote hupata leo na kukosa kesho. Hao hupanga kwa siku na kwa wiki: siku njema hulipia siku mbaya. Akiba yao ya kwanza ina kazi moja, kuwavusha pikipiki ikiwa gereji au mteja akichelewa kulipa. Mahali pake ni pale inapopatikana haraka na kukua kidogo, kama mfuko wa soko la fedha wenye leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Chama cha akiba cha watu wanaofahamiana nacho hufaa, mradi kina daftari na kila mwanachama analisoma.

Anayedaiwa na kukosa kazi kabisa asijifiche. Mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, una riba ya asilimia 4 kwa mwaka, nafuu mno, lakini anayeacha kuulipa hutozwa faini ya shilingi 5,000 kwa kila mwezi. Kuiandikia bodi mapema na kueleza hali ni bora kuliko kunyamaza. Vilevile, kanuni za mwaka 2022 zinawakataza wakopeshaji wa kidijitali kumtisha mdaiwa au kupigia simu ndugu na marafiki zake ili kumwaibisha. Anayefanyiwa hivyo ana haki ya kushtaki kwa Benki Kuu ya Kenya.

Upande wa Tanzania mikopo ghali ya namna hii imepewa jina la kausha damu, na Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Nchini humohumo halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 4 kati ya hizo 10 ni ya vikundi vya vijana. Mkopo ghali na mkopo usio na riba iko mtaa mmoja. Wa kwanza hutolewa kwa dakika mbili, wa pili hutaka kikundi, katiba na subira.

Ni haki kusema kwamba nidhamu ya kijana haiwezi kuziba pengo la ajira. Hilo ni deni la serikali na waajiri. Lakini wakopeshaji walazimishwe kuandika gharama ya mkopo kwa mwaka, kwa herufi kubwa, kabla mteja hajabonyeza kukubali. Na vyuo vikuu vifundishe hesabu hii wiki ya kwanza ya mwaka wa kwanza, kabla pesa ya HELB haijaingia kwenye simu ya mwanafunzi. Chuo hiki kinaweza kuanza muhula ujao.