Usanidi wa Seva ya Wingu Baada ya Usakinishaji: Mfano wa Nextcloud

Utangulizi

Kompyuta wingu ni utaratibu ambao faili na programu hutunzwa katika kompyuta ya mbali, yaani seva, na kutumiwa kwa njia ya intaneti. Mada hii inachunguza kazi inayofuata baada ya programu ya seva hiyo kusakinishwa, yaani usanidi, ambao ni upangaji wa vigezo vinavyoamua namna programu itakavyofanya kazi. Mfano unaotumika ni Nextcloud, programu huria iliyoanzishwa na Frank Karlitschek mwaka 2016 kutokana na ownCloud. Hoja inayotetewa ni kwamba vigezo vya awali huchaguliwa ili usakinishaji ufanikiwe karibu katika kila seva, hata iliyo dhaifu, wala si ili seva ihudumie watu wengi kwa usalama.

Udhibiti wa uingiaji

Vigezo vingi vya Nextcloud huandikwa katika faili iitwayo config.php. Kipengele cha trusted_domains huorodhesha anwani ambazo seva inakubali kufikiwa kwazo, na kwa kuwa usakinishaji huandika humo anwani iliyotumika wakati huo tu, seva itakayopewa jina jipya baadaye huwakataa wanaoitumia kwa jina hilo mpaka liongezwe. Lililo gumu zaidi kutambulika ni tatizo la seva iliyo nyuma ya seva wakala, yaani ile inayopokea maombi ya watumiaji na kuyapeleka kwa nyingine. Nextcloud humchelewesha anayekosea nywila mara kwa mara, hata kufikia sekunde 25, kwa kuangalia anwani ya mtandao anakotoka. Seva wakala isipotajwa katika trusted_proxies, watumiaji wote huonekana kutoka anwani moja, na makosa ya mmoja huwaadhibu wote.

Kazi za chinichini

Kazi za chinichini ni zile ambazo seva huzifanya bila kuagizwa na mtumiaji, kama vile kufuta faili zilizokaa muda mrefu katika pipa la taka. Kwa kawaida ya awali, kazi moja hutekelezwa kila ukurasa unapofunguliwa, hivyo ofisi ikifungwa Ijumaa jioni na asipatikane mtu wa kuingia, kazi hizo husimama mpaka Jumatatu. Inapendekezwa zikabidhiwe cron, programu ya Linux inayotekeleza amri kwa ratiba, iziendeshe kila baada ya dakika 5.

Hifadhidata na kumbukumbu

SQLite, hifadhidata inayokaa ndani ya faili moja, hurahisisha majaribio, lakini haifai pale watumiaji wengi wanapoandika kwa wakati mmoja. PostgreSQL au MariaDB ndizo zinazostahili. Aidha, kikomo cha kumbukumbu cha PHP, lugha iliyotumika kuandika Nextcloud, ambacho kwa kawaida ni megabaiti 128, hupaswa kupandishwa hadi 512, na ufungaji wa faili, unaozuia watu wawili kuharibu faili moja kwa kuibadilisha pamoja, huhamishiwa Redis, programu inayotunza data katika kumbukumbu ya seva, ili hifadhidata ipunguziwe mzigo.

Nakala rudufu na hitimisho

Nakala rudufu kamili hujumuisha hifadhidata, folda ya data na folda ya usanidi, ambayo hubeba siri zinazotumika katika usimbaji fiche. Ni vyema ichukuliwe mfumo ukiwa katika hali ya matengenezo, ili hifadhidata na faili zisipishane. Ukurasa wa msimamizi huonyesha maonyo mengi kuhusu kasoro zilizotajwa hapo juu, lakini hauwezi kuthibitisha kwamba nakala hiyo itarejesheka. Kwa hiyo usanidi usihesabiwe kuwa umekamilika kwa kuwa maonyo yamekwisha, bali pale nakala itakaporejeshwa katika seva nyingine, watumiaji wakaingia na kuzikuta faili zao.