HOTUBA YA KATIBU WA TAWI: DAWA YA DENI NI KULIPA, LAKINI SI KUMKAMUA MDAIWA

*TAARIFA KWA WANACHAMA WOTE*
Hii ni hotuba ya Katibu wa Tawi kwenye mkutano wa ndani wa Jumamosi. Ambaye hakufika asome. Aliyefika awasomee wazee wasio na simu janja.



Mwenyekiti ameniagiza nizungumzie elimu na mikopo ya wanafunzi. Mimi si mhadhiri, ni mtu wa hesabu, kwa hiyo nitasema kwa hesabu. Mwenye kalamu aandike. Akitoka hapa aende akahakiki mwenyewe, asiseme Katibu katutia maneno.

*1. Kwanza haki yao tuwape*

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Bodi ya Mikopo iliundwa kwa Sheria Na. 9 ya mwaka 2004, ikaanza kazi Julai 2005. Watoto wengi wa wakulima na wavuvi wamesoma vyuo vikuu kwa fedha zile. Mwaka 2021 Serikali ilifuta tozo ya kulinda thamani ya mkopo, ile ya asilimia 6 kila mwaka, na ikafuta adhabu ya asilimia 10 kwa waliochelewa. Mwaka wa masomo 2022/23 fedha ya chakula na malazi, wenyewe vijana wanaita bumu, ilipanda kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Bajeti ya mikopo nayo imepanda kutoka bilioni 464 mwaka 2020/21 hadi bilioni 787 mwaka 2024/25.

Hayo ni mema na hatuyakatai. Lakini tujiulize, tozo ile ya asilimia 6 iliwekwa na nani? Na ile adhabu? Ni Serikali za chama hiki hiki. Aliyekukanyaga akiinua mguu, unashukuru maumivu yamepungua, ila humwiti mganga.

Na mguu mwingine bado haujainuliwa.

*2. Asilimia 15*

Zamani mnufaika aliyeajiriwa alikuwa anakatwa asilimia 8 ya mshahara wa msingi. Mwaka 2016 Bunge likabadili sheria, makato yakawa asilimia 15. Yakawakumba hata waliokopa na kumaliza wakati makato yakiwa 8. Wewe ukikopa kwenye kikoba kwa masharti fulani, halafu katikati ya safari mwenye kikoba akabadili masharti peke yake, utakubali?

Tuchukue mfano. Mwalimu wa Serikali mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 800,000:

▪️Mfuko wa hifadhi ya jamii, asilimia 5: 40,000
▪️Kodi ya mapato, kwa viwango vilivyoanza Julai 2021: 68,000
▪️Bima ya afya, asilimia 3: 24,000
▪️Bodi ya Mikopo, asilimia 15: 120,000

*Jumla ya makato: 252,000. Anabaki na 548,000.*

Hapo sijaweka chama cha wafanyakazi, sijaweka mkopo wa benki. Angalieni orodha hiyo tena. Kinachokata kikubwa kuliko vyote ni mkopo wa masomo. Unaizidi hata kodi, tena karibu mara mbili. Kwa asilimia 8 angekatwa 64,000. Tofauti ni shilingi 56,000 kila mwezi. Kwa mwalimu aliyepangiwa kijijini, mwenye kupanga chumba na kutuma kitu kwa mama yake, 56,000 ni unga wa mwezi mzima na mafuta ya kupikia.

Sasa mtu wa upande wa pili atasema, "Katibu, akikatwa kidogo atachelewa kumaliza, na wadogo zake watakosa mkopo." Hoja hiyo ni ya kweli, siikimbii. Aliyekopa milioni 9, kwa 120,000 kwa mwezi anamaliza kwa miezi 75, yaani miaka sita na miezi mitatu. Kwa 64,000 anakaribia miaka kumi na miwili. Ndiyo maana chama chetu hakisemi deni lifutwe, wala hakisemi kila mtu arudi asilimia 8. Tunasema makato yafuate kipato. Mwenye mshahara usiofika milioni moja akatwe 8. Anayepata milioni tatu, milioni tano, akatwe 15 au hata zaidi, kwa sababu kinachobaki kinamtosha. Kodi ya mapato yenyewe inapanda kwa ngazi. Kwa nini mkopo wa elimu uwe na ngazi moja kwa mwalimu mpya na kwa mkurugenzi?

*3. Ambaye hana ajira*

Huyu ndiye anayeniuma zaidi. Sheria inasema mnufaika aliyejiajiri alipe asilimia 10 ya mapato yake yanayotozwa kodi, au kiasi kisichopungua shilingi 100,000 kwa mwezi.

Hapa mtaani tunao vijana wenye shahada wanaoendesha bodaboda. Tunaye binti mwenye shahada ya ualimu anakaanga chipsi. Tuseme baada ya kununua viazi, mafuta na mkaa anabaki na shilingi 250,000 kwa mwezi. Laki moja katika hizo ni *asilimia 40*. Mwenye ajira na mshahara wa uhakika anakatwa 15, anayehangaika juani anatakiwa atoe 40! Matokeo yake ni nini? Halipi. Anakaa kimya na anaogopa hata kurasimisha biashara yake, asije akaonekana. Serikali inakosa marejesho, inakosa na kodi. Hiyo kwa lugha ya uhasibu ni hasara pande mbili za kitabu.

Akiruhusiwa kulipa 20,000 atalipa. Haba na haba hujaza kibaba. Kibaba hakijazwi kwa kumtisha mtu.

*4. Mlango wa kuingilia*

Kabla mtoto hajapata hata senti, analipa ada ya maombi shilingi 30,000, na hairudi hata akikosa. Aongeze gharama ya kuhakiki cheti cha kuzaliwa RITA, kuskani nyaraka, vocha za intaneti, muhuri wa Serikali ya Mtaa, na muhuri wa mwanasheria au mahakama. Huyu ni mtoto anayeomba kwa sababu *hana*. Unamtoza ada ili athibitishe kwamba ni maskini!

Majina yakitoka, mmoja kapata asilimia zote za ada, mwingine kapata nusu, wa tatu kakosa kabisa. Wote wametoka mtaa mmoja na hali zao tunazijua. Ukiuliza sababu, hupati jibu la mtu mmoja mmoja. Sisi tunasema kila aliyekosa apewe maandishi, amepewa alama ngapi za uhitaji na kwa kigezo kipi. Benki ikikunyima mkopo inakwambia sababu. Chombo cha umma kinashindwaje?

*5. Msingi wenyewe*

Ndugu wanachama, mkopo wa chuo ni paa, na msingi wake uko shule ya msingi. Elimu bila ada ilitangazwa kwa Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015, ikaanza Januari 2016. Mwaka 2022 ikafika kidato cha tano na sita. Vizuri. Lakini ruzuku ya uendeshaji kwa mwanafunzi wa shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa *mwaka*, na wa sekondari 25,000. Gawa hiyo 10,000 kwa takriban siku 200 za masomo. Ni shilingi 50 kwa siku. Pipi moja! Chaki, ukarabati, karatasi za mitihani, vyote vitoke kwenye pipi hiyo. Ndipo michango inarudi kupitia mlango wa nyuma: ya mlinzi, ya uji, ya majaribio ya mitihani.

Kuna na hili, nisikilizeni vizuri wazazi wenye watoto wadogo. Sera ya Elimu ya 2014 Toleo la 2023, iliyozinduliwa Dodoma tarehe 31 Januari 2025, inafanya elimu ya msingi kuwa miaka sita, na elimu ya lazima kuwa miaka kumi. Wazo zuri. Ila katika mpito huo, mwaka 2027 darasa la sita na darasa la saba wanamaliza *pamoja*. Maana yake Januari 2028 makundi mawili yanabisha hodi kidato cha kwanza kwa mpigo. Madarasa yako wapi? Madawati? Walimu? Sera inaandikwa kwa siku moja, darasa linajengwa kwa miezi. Tunamtaka Diwani atueleze kata yetu ina mpango gani, kwa idadi ya vyumba.

*6. Tunachotaka*

1️⃣ Sheria ya mikopo irekebishwe, makato yapande kwa ngazi kuanzia asilimia 8.
2️⃣ Kiwango cha chini cha 100,000 kwa waliojiajiri kiondolewe, walipe kulingana na kipato.
3️⃣ Ada ya maombi ya 30,000 ifutwe.
4️⃣ Kila aliyekosa mkopo apewe sababu kwa maandishi.
5️⃣ Ruzuku ya shule iongezwe na mpango wa 2028 uwekwe wazi kwa kila kata.

*7. Tutakachofanya sisi*

Kulalamika peke yake hakumsomeshi mtoto. Tawi limeamua yafuatayo. Dirisha la maombi likifunguliwa, ofisi yetu itakuwa wazi kila Jumamosi saa 3 asubuhi hadi saa 8 mchana kusaidia waombaji kujaza fomu, bure, *bila kuuliza kadi ya chama*. Mtoto wa wa chama tawala aje, ni mtoto wetu. Mimi nitakaa pale na kompyuta yangu.

Wazazi, msisubiri. Anzeni sasa kuhakiki vyeti vya kuzaliwa. Majina ya cheti cha kuzaliwa na cha kidato cha nne yafanane, herufi kwa herufi. Yatima waandae vyeti vya vifo vya wazazi. Kaya zilizo TASAF zitunze namba zao. Wengi huangushwa na karatasi, wala si kwamba hawana uhitaji.

Na nyie mnaokatwa, leteni hati zenu za mshahara, majina tutayaficha. Nataka tawi liwe na jedwali la makato halisi ya watu wetu. Mbunge akija kuomba kura tena tumwekee mezani, atujibu kwa tarakimu, si kwa nyimbo.

Dawa ya deni ni kulipa. Vijana wetu wako tayari kulipa. Wanaomba walipe huku wanakula.

Mungu ibariki Tanzania.

*Imetolewa na:*
Katibu wa Tawi
_Sambaza kwa wanachama na wazazi wote wa mtaa._