"Madaktari wachanga hawataki kwenda ushago": ni kweli?

(Niliyosema Jumamosi kwa kikao chetu cha vijana hapa Parklands. Mliniomba niiweke hapa, haya.)

Wenzangu, kila kampeni lazima mtu apande jukwaani aseme madaktari wachanga wana maringo, wanataka Nairobi tu. Na watu wanapiga makofi.

Shida yenyewe ipo, sitaificha. Ukitoka hapa tulipo, kwa miguu tu unafika Aga Khan, MP Shah na Avenue. Hospitali tatu kubwa, mtaa mmoja. Kuna mtu Turkana anayesafiri siku nzima kutafuta daktari mmoja.

Lakini mwajiri ni nani? Tangu ugatuzi uanze 2013, hospitali nyingi za umma ziko chini ya kaunti. Kwa hivyo mgombea ugavana akilaumu hao vijana, jua analaumu watu ambao yeye mwenyewe ndiye atakuwa akiwalipa mshahara.

Naishi na dada mmoja anayesomea udaktari, mwaka wa tano, kwao Marsabit. Nilimuuliza kama atarudi. Akaniambia, "Kurudi nitarudi. Lakini mama akivuja damu saa nane usiku, hakuna damu ya kumwongezea, na daktari ni mimi peke yangu, nifanye nini?" Halafu akataja masomo: anaogopa akikaa huko miaka mitano atasahaulika, nafasi ya kusomea ubingwa iende kwa walio karibu na wakubwa. Sikusikia maringo hapo. (Na sisi wa sayansi ya siasa, nani ametuuliza kama tutaenda Mandera? Mimi singejibu haraka.)

Mnakumbuka madaktari wa Kuba? Mwaka 2018 waliletwa kama 100, wakasambazwa kwenye kaunti. Walitibu watu, sikatai. Lakini Aprili 2019 wawili walitekwa nyara Mandera wakienda kazini, askari aliyewasindikiza akauawa. Mwaka 2023 mpango ukasitishwa. Tulibadilisha daktari, barabara ikabaki ile ile.

Halafu 2024 madaktari wakagoma siku 56. Jambo kubwa lilikuwa wanagenzi: mkataba wa 2017 uliwapa kama shilingi 206,000 kwa mwezi, serikali ikataka kuwapa 70,000. Huyo ndiye unamwambia awe mzalendo.

Na si eti dawa haijulikani. Shirika la Afya Duniani lilitoa mapendekezo tangu 2010: chukua wanafunzi waliozaliwa huko huko mashambani, wafundishe karibu na huko, wape nyumba nzuri na njia ya kupanda cheo. Yule dada wa Marsabit ni mtu wa aina hiyo kabisa, na bado anasitasita.

Sasa mgombea akirudia ile kauli mtaani kwenu, usimzomee. Omba maikrofoni umuulize: madaktari wa kaunti hii, mshahara wao huingia tarehe ngapi? Na mwaka jana wangapi walipewa ruhusa ya kwenda kusoma?