Ndugu Ndani ya Thriller

(Mazungumzo yaliyotolewa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Nimepewa dakika kumi nizungumze juu ya burudani za zamani. Wenzangu watazungumzia mpira na shamba la shule. Mimi nina santuri moja tu, Thriller ya Michael Jackson. Ilitoka Marekani mwishoni mwa Novemba 1982, nayo ikafika bwenini kwetu mwaka 1984 ikiwa ndani ya kaseti ya dakika 60.

Vijana, msidhani kusikiliza kulikuwa jambo rahisi. Redio kaseti ilikuwa moja, mali ya kaka mmoja wa kidato cha sita. Betri zikichoka tulizianika juani, zikapata nguvu ya nyimbo mbili tatu. Kurudisha kanda kwa mashine kulikuwa ufujaji, basi tuliizungusha kwa kalamu ya Bic. Ndiyo sababu hatukuchagua wimbo. Tulisikiliza upande mzima, nyimbo nne, kisha tukageuza tukasikiliza tano zilizobaki. Nafasi iliyosalia mwenye kanda aliijaza nyimbo za Mlimani Park kutoka redioni, na mpaka leo santuri ile ikiisha mimi husubiri magitaa ya Mlimani.

Usikilizaji wa namna hiyo una faida yake. Mimi nilingojea Beat It kama kila mtu. Human Nature ilinipitia tu masikioni muhula mzima, kisha usiku mmoja ikaniingia, na sasa ndiyo ninayoiweka juu ya zote.

Walikuwapo waliotulaumu kwamba tunaiga ya kigeni. Lawama hiyo haikuanza na sisi. Novemba 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku katika madansi ya Dar es Salaam, na ubishi wa utamaduni ukajaa magazetini. Sitaki kuufufua hapa. Nataka tu kuwaambia yaliyokuwamo ndani ya kanda ile.

Karibu na mwisho wa wimbo wa kwanza, waimbaji wanarudiarudia maneno yasiyo ya Kiingereza. Bweni liligawanyika. Kijana mmoja wa Tanga aliapa kwamba ni Kiswahili: mama anaelezwa makosa ya mtu. Wengine wakasema ni Kilingala. Kumbe asili yake ni makossa, muziki na dansi ya mji wa Douala, Kamerun. Aliyelichezea neno hilo kwanza, kwa kulikatakata mdomoni namna ile, ni Manu Dibango katika Soul Makossa ya mwaka 1972.

Huyu Dibango alipelekwa Ufaransa kusoma mwaka 1949 akiwa na miaka 15, amebeba kilo tatu za kahawa za kuwalipa wenyeji watakaomlea. Ninyi mnaolalamikia karo, fikirini. Baadaye kitabu cha maisha yake alikiita kwa kilo hizo tatu. Soul Makossa yenyewe aliiweka upande wa pili wa sahani ndogo. Upande wa kwanza ulikuwa wimbo wa Kombe la Mataifa ya Afrika lililochezwa Kamerun mwaka ule. Wapiga santuri wa New York wakaugeuza upande huo, na mwaka 1973 ukaingia katika orodha ya nyimbo zinazouzika Marekani. Thriller ilipotoka, jina lake halikutajwa. Alidai haki yake, wakapatana nje ya mahakama, akalipwa. Alifariki Machi 2020.

Jina la pili lilichapishwa, ila sisi hatukuliona. Kaseti yetu ilikuwa ya kunakiliwa, ikiwa na kipande cha karatasi chenye majina ya nyimbo tisa kwa wino wa buluu, basi. Mwaka 1991 ndipo nilipolishika jalada lenyewe, kwa shemeji yangu Dar es Salaam. Nikasoma majina ya wapigaji wa Billie Jean, ule wimbo unaoanza kwa ngoma peke yake. Mpiga ngoma: Ndugu Chancler.

Nilidhani ni utani. Si utani. Leon Chancler wa Los Angeles alikuwa mpiga ngoma wa jazi aliyejiita Ndugu. Mwishoni mwa 1970, akiwa na miaka 18, alirekodi na Herbie Hancock, ambaye kundi lake lilijipa majina ya Kiswahili: Hancock mwenyewe Mwandishi, mpiga besi Buster Williams Mchezaji, mpiga tarumbeta Eddie Henderson Mganga. Chancler alifariki Februari 2018.

Wazee wenzangu, mnakumbuka mchana kutwa tulivyoitana Ndugu Kiranja, Ndugu Mpishi, Ndugu Mwalimu wa Zamu. Usiku tukizima taa, aliyetupigia ngoma alikuwa Ndugu, na hapana hata mmoja wetu aliyejua.

Vijana, simu zenu zimerudi kwenye kile kipande chetu cha karatasi: jina la wimbo na la mwimbaji, basi. Kwa hiyo nimeileta santuri pamoja na jalada lake, na mwalimu wa maktaba amekubali kuitunza. Baada ya chakula tutaipiga ukumbini, upande wa pili. Naomba mtu asiguse sindano mpaka iishe.