Uraia Unaanzia Mstarini
Mada kwa walimu wa shule za msingi, Kabanga



Nimeombwa kuzungumzia ufundishaji wa maadili na uraia katika shule za msingi. Sitaupitia muhtasari sura kwa sura. Mnaujua kuliko mimi, na wengine mmeufundisha kwa majina tofauti. Wakubwa wetu walisoma Siasa. Vyama vingi viliporejea mwaka 1992, ikaja Uraia, kisha Uraia na Maadili. Mtaala mpya ulipoanza kutumika Januari 2024, maadili yakaunganishwa na Historia ya Tanzania. Mtoto wa darasa la tatu hana habari na hayo yote. Anachojua ni nani mwalimu wa zamu leo, na kama ameshika fimbo.

Ndiyo maana nasema somo hili linaanza kengele inapogongwa asubuhi. Kipindi cha darasani huja baadaye, kuthibitisha au kukanusha yale ambayo mtoto amekwisha kuyaona mstarini, shambani na kwenye foleni ya uji.

Sisi wa Kabanga hatuna haja ya kutafuta mifano mbali. Mauaji ya watu wenye ualbino yaliposhika kasi Kanda ya Ziwa, hasa kuanzia mwaka 2007, watoto wengi walihamishiwa kwenye shule za bweni zenye ulinzi: Buhangija kule Shinyanga, Mitindo kule Misungwi, na hapa kwetu Kabanga. Walikuja kwa sababu ya usalama. Lakini ukuta humlinda mtoto dhidi ya mwenye panga tu. Haumlindi dhidi ya mwenzake wa dawati moja anayekataa kunywea kikombe chake, wala dhidi ya jina analoitwa wakati wa mapumziko mwalimu akijifanya hakusikia.

Tuchukue jambo dogo. Mtoto mwenye ualbino mara nyingi haoni vizuri ubaoni, na jua humchoma upesi. Mwalimu anamkalisha mbele, anamruhusu kuvaa kofia mstarini, na siku ya shamba anampa kazi ya kufagia darasa badala ya kulima. Hapo wenzake watanung'unika: mbona yeye halimi? Wengi wetu tungewanyamazisha. Mimi naona manung'uniko hayo ni kipindi ambacho hakikuandaliwa, na ni kizuri kuliko vingi tulivyoandika kwenye andalio. Simamisha jembe, uwaulize: kazi ya haki ni ile iliyo sawa kwa wote, au ile ambayo kila mmoja anaiweza bila kuumia? Waache wabishane. Watoto wa miaka kumi wanaliweza swali hilo, tena pengine kuliko baadhi yetu kwenye vikao vya walimu. Baadaye, darasani, waambie kwamba mwaka 2010 wananchi wa Lindi Mjini walimchagua Salum Barwany, mtu mwenye ualbino, kuwa mbunge wao. Jina hilo watalishika, kwa sababu limejibu swali walilojiuliza wenyewe.

La pili linahusu mpaka wetu na Burundi. Kasulu na Kibondo zimepokea wakimbizi kwa miongo mingi. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo, na kuanzia mwaka 2015 Warundi walijaa humo na katika kambi ya Nduta. Kiha na Kirundi zinakaribiana kiasi kwamba bibi wa Kasulu na bibi wa ng'ambo ya mpaka wanaelewana bila mkalimani. Hata hivyo, uwanjani neno "Mrundi" linatumika kama tusi, na mara nyingi anayetukanwa ni Muha kabisa, ila ana nguo chakavu au lafudhi ya kijijini. Mwalimu akilipuuza, amefundisha kwamba uraia ni silaha ya kumpigia mnyonge. Asichukue cheo cha ofisa uhamiaji wa kuamua nani Mtanzania na nani siye. Suala hilo lina sheria yake na ofisi zake. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba ndani ya uzio wa shule hakuna anayedaiwa uthibitisho wa kwao kabla ya kupewa mpira.

Nije kwenye viranja, kwa kifupi. Tunafundisha kupiga kura kwa mchoro wa sanduku ubaoni, halafu kaka mkuu tunamteua sisi wenyewe ofisini, na kwa kawaida ni yule mwenye sauti kubwa na mkono mwepesi. Sanduku la kura liwe boksi la chaki. Karatasi zikatwe kutoka kwenye madaftari yaliyokwisha, wagombea waeleze watafanya nini kuhusu ndoo za maji na zamu za usafi, kura zihesabiwe mbele ya wote. Akishinda tusiyempenda, tukubali. Hapo ndipo wengi wetu tutashindwa.

Na fimbo. Najua mjadala huu huwagawanya walimu, na sitaumaliza asubuhi moja. Msimamo wangu ni kwamba mtoto anayechapwa kwa kuchelewa, bila kuulizwa ametembea kutoka wapi na ameamka saa ngapi, anajifunza kwamba mwenye nguvu hahitaji kusikiliza. Hata wasiokubaliana nami wanafungwa na kanuni za serikali za mwaka 2002: viboko havizidi vinne, vinatolewa na mwalimu mkuu au aliyemruhusu kwa maandishi, na kila adhabu inaandikwa. Tunawadai watoto watii sheria za shule huku wenyewe tukichapa mstari mzima kwa zamu. Wanaliona hilo, hata kama hawajui namba ya kanuni.

Ndugu Mwenyekiti, kwa kazi ya vikundi mchana naomba kila shule ilete daftari lake la adhabu la muhula uliopita. Tutazame nani aliadhibiwa, kwa kosa gani, na kama kuna mahali palipoandikwa alijitetea vipi. Shule ambayo haina daftari hilo ianze nalo leo, nasi tutawasaidia kuchora safu zake.